Anakolala Ng'ombe na Ng'ombe ni wa Nani

Jumatatu, 3 Machi

Mvua tangu asubuhi. Umeme unakatika, unarudi. Bado niko kwenye Kaya na Ng'ombe.

Kwenye mfumo huu wa chama cha wafugaji siandiki majedwali kwa mkono. Naandika kitu kinaitwa Kaya, kingine Ng'ombe, naeleza vinahusiana vipi, chombo cha kuandikia programu kinavipanga chenyewe kwenye kanzidata. Kaya moja, ng'ombe wengi. Kila ng'ombe anabeba namba ya kaya yake. Rahisi.

Ila kaya ipi? Bosi anasema ile anakolala. Nimemwambia hapa kwetu si lazima ng'ombe alale kwa mwenyewe. Unampa rafiki akutunzie, yeye anakunywa maziwa, ng'ombe na ndama ni wako. Ugonjwa ukiingia boma lako, hulali tajiri ukaamka maskini. Akacheka. Eti nisilete mila kwenye mfumo. Mwaka hajamaliza hapa Haydom, ameshatujua!

Jumatano, 5 Machi

Amepitisha vile anavyotaka yeye. Tena ameongeza lake: kaya ikifutwa, ng'ombe wake wote wafutike nayo. Uchafu usibaki, anasema. Ng'ombe ni uchafu!

Nimepinga mbele ya ofisi nzima. Nimeshindwa. Nina hasira.

Jumamosi, 8 Machi

Mzee Gwandu wa Basotu amefariki. Ndiye aliyekuwa akitunza ng'ombe wa Shangazi Martina, wawili na ndama. Shangazi hana mume, hana mtoto. Ana mimi aliyenilea, na ana hao ng'ombe.

Nimelia. Alikuwa mtu mwema, anatania watu hata akiumwa.

Jumatano, 12 Machi

Tumezika. Shangazi alitoka Endagikot kwa basi la kwanza, miguu imevimba.

Baada ya chakula wazee walikaa kutaja ng'ombe: hawa wa marehemu, hawa wamewekwa tu. Wa Shangazi walitajwa. Mtoto mkubwa wa marehemu, Danieli, alikuwepo. Aliinamisha kichwa, akachezea simu. Sikupenda.

Jumatatu, 17 Machi

Nilijua. Nilijua tu!

Afisa wetu wa Basotu amefuta kaya ya marehemu. Ng'ombe wote wamefutika, waliokuwa wake na waliowekwa. Bosi akaagiza waandikishwe upya, wote, kwenye kaya ya Danieli, maana ndiko wanakolala. Sasa Danieli anatembea na simu anawaonyesha watu: mfumo wa chama unasema ni wangu. Anataka kuwapeleka mnadani mwisho wa wiki.

Shangazi amenipigia. Hakulalamika. Aliuliza tu, mwanangu, si ndio kazi yako hiyo?

Jumanne, 18 Machi

Bosi kasema mfumo ndio unaosema, sisi ni nani. Thubutu! Mfumo hausemi kitu. Unarudia tulichoulisha. Nikamwambia hivyo hivyo, nimesimama, mlango uko wazi. Akasema niangalie kibarua changu. Akiangalie yeye.

Naandika upya. Ng'ombe atabeba namba mbili: ya mwenyewe na ya mtunzaji. Mahusiano mawili ya mmoja-kwa-wengi, majina tofauti, chombo kisiyachanganye. Mtunzaji akifutwa, ng'ombe abaki, nafasi ya mtunzaji iwe wazi. Mwenyewe hafutwi mpaka ng'ombe wake wapate mwenyewe mwingine. Sijaomba ruhusa. Liwalo na liwe.

Alhamisi, 20 Machi

Mkutano wa wanachama. Bosi alitaka nikae nyuma. Nilikaa mbele.

Nilirudisha nakala ya kabla ya kufuta, nikaionyesha ukutani kwenye mfumo mpya, nikawaambia kila mtu atafute ng'ombe wake. Kumbe nusu ya ukumbi wana ng'ombe kwa watu! Kelele. Mwenyekiti mwenyewe ana watatu huko Dongobesh, kwenye mfumo wa Bosi walikuwa wa shemeji yake. Alikunja uso, mimi nikamshukuru Mungu.

Wazee wawili waliokuwa msibani wakasimama kwa ajili ya Shangazi. Ikapitishwa: mfumo mpya utumike, na ng'ombe wa Shangazi ni wake. Danieli akatoka bila kuaga. Bosi haniongeleshi mpaka sasa. Asiniongeleshe.

Jumapili, 23 Machi

Baada ya ibada nimekwenda Endagikot. Nimemwambia Shangazi nimeshapata gari, kesho tukawachukue ng'ombe wake Basotu. Alikuwa anachambua maharage. Akasema hapana. Mjane wa Gwandu ana wajukuu wadogo, watakunywa nini?

Nikabisha. Akaniangalia, akaendelea kuchambua.

Nimefungua kompyuta palepale mezani. Mwenyewe: Martina. Mtunzaji palikuwa wazi tangu nimfute marehemu. Nikamwuliza jina la yule mjane, nikaliandika.