Posho Iliyobaki

Mjukuu wangu Akello,

Hapa Mbuya tu wazima, na goti la bibi yako limepata nafuu. Umeniuliza, kwa vifaru vyote vinavyoteketea katika vita unavyofuatilia huko ughaibuni, nani anashinda.

Ujanani nilikuwa mpishi wa jeshi. Siku moja tulipigana kutwa na hakuna upande uliosogea. Jioni wakubwa wetu walihesabu magari yaliyoungua, wakasema hasara ni ndogo. Mimi nilikuwa nimesonga posho, yaani ugali, ya kikosi kizima, kama kawaida. Wote waliorudi walikula, na nusu ya sufuria ikabaki. Hakuna aliyeomba kuongezewa.

Ng'ambo ya bonde, moshi wa jiko la adui ulikuwa unapanda. Huenda mpishi wao naye alikuwa amesimama na mwiko mkononi, akitazama posho iliyobaki.

Mimi babu yako.