Msifungue Banda la Mbwa

Mama, Baba, msifungue banda la mbwa, hata akilia vipi. Chakula kiko jikoni, nimefunika.

Asubuhi mbwa alikuwa anachuruzika mate, hawezi kumeza. Mimi, daktari wenu wa mifugo mtarajiwa, nikadhani amekwamwa na mfupa, nikamtia mkono kooni. Mfupa haukuwepo. Jino lilinikwaruza kidole, kidogo tu. Nikampigia daktari wa mifugo, nikamweleza yote.

"Maji anakunywa?"

"Anajaribu, hayapiti."

Akasema huenda ni kichaa cha mbwa. Halafu: "Osha hicho kidole kwa sabuni, nenda hospitali sasa hivi. Usingoje wazazi."

Baba, ulitaka jibu leo kama nitasomea mifugo. ~~Sitaki tena.~~ Nitasomea, nikipona ujinga kwanza.

Kitinda mimba akitoka shule, mkagueni viganja. Jana alikuwa anamlisha mbwa kwa mkono. Mkiona mchubuko wowote, mleteni hospitali mbio, nipo huko.

Mwanenu wa kwanza