Maji ya Fataki katika Banda la Yaya Devota

Yaya Devota, dada yangu mkubwa,

Kuku wako wamefikia uzito wa kuuzwa bila kapsuli hata moja ya tetra, ile dawa yetu ya zamani. Amesema hivyo daktari wa mifugo leo asubuhi, akiwa ndani ya banda lako hapa Mbunya, jogoo mmoja mkononi. Nilimwomba arudie. Akarudia.

Unakumbuka tulivyokuwa tukifungua zile kapsuli za antibiotiki na kumwaga unga wake katika maji ya vifaranga, wagonjwa na wazima sawasawa. Wewe ndiwe uliyechoka nazo kwanza. Ukaanza kuagiza kutoka kule Fataki kwa wafuga ng'ombe yale maji ya maziwa yanayobaki watu wakitengeneza fromaje, yaani jibini, ukisema yana vijidudu vizuri vinavyolinda tumbo la kuku. Majirani wakakucheka, eti unafuga kuku au unafuga ndama. Ukawajibu: "Niko nawanyonyesha. Weye, mama yako hakukunyonyesha?"

Vifaranga wakaharisha, wakafa. Ukafa na wewe kabla hujajua sababu. Neema, binti yako, alitaka kubomoa banda ajenge vyumba vya kupangisha. Nikamsihi ajaribu kundi moja la mwisho, kwa njia yako.

Sababu tumeijua, Yaya. Kundi hilo lilipofika, daktari alimuuliza Neema maji ya kuchanganya na yale ya maziwa anayatoa wapi. Akajibu kwa fahari kwamba tangu wakati wa Ebola hakuna maji yanayoingia kwenu bila klore ya kuua vijidudu, hata ya kuku. Ndivyo ulivyomzoeza. Daktari akaketi juu ya ndoo, akacheka: "Basi mulikuwa munaua vile vijidudu vizuri pamoja na vibaya."

Usafi wako, Yaya! Tukaacha klore, tukakinga maji ya mvua, tukayachemsha na kuyapoza ndipo tukachanganya. Kundi hili halikuharisha. Ni banda moja tu, najua, na daktari anasisitiza kwamba dawa ibaki kwa kuku anayeugua kweli. Lakini mchana huu nilipoitangaza habari hii redioni, mimi ninayesoma kila habari kwa sauti ileile, fundi wa mitambo aliniomba nisipige kelele.

Neema habomoi tena. Ameshaagiza wengine.

Ulale vizuri, Yaya. Vifaranga wanafika Jumamosi asubuhi. Kabla hawajanywa, nitanusa ndoo mimi mwenyewe, isije ikawa na klore.

Mdogo wako