Diski ya Mwanda

Jumatatu, 5 Agosti 2024

Laptop imeanza kulia. Si feni, feni nimeizoea. Hii ni tik, tik, tik — kimya — halafu tik tena. Nilikuwa nakata video ya arusi ya Mwatate, skrini ikaganda, mshale ukagoma kabisa. Nikaizima kwa nguvu. Nikaiwasha. Ikakaa nyeusi mpaka chai ikachemka, ndipo ikafunguka kwa kujivuta.

Kosa najua ni la nani. Jumamosi niliifunika tu bila kuizima, nikaitia begini, nikapanda bodaboda na hard disk inazunguka mle ndani, na ile barabara yote ni mashimo. Mama aliniona nikiondoka akasema hicho si kikapu cha sokoni. Nikajifanya sikusikia.

Mle ndani mna arusi za miaka minne. Nakala ya pili sina. Kila mwezi nasema nitanunua disk ya nje, kila mwezi panazuka jambo. Kesho nimpelekee fundi Mutinda aitazame.

Jumanne, 6 Agosti

Sikwenda kwa Mutinda. Nilipofika studio nilimkuta Obadiah wa Mwanda amesimama mlangoni, koti limelowa ukungu wa huko milimani. Baba yake, Mzee Mwakio, amefariki juzi. Maziko ni Jumamosi.

Nikadhani anataka nikarekodi maziko. La. Anataka video ya arusi ya bintiye Immaculate, ile niliyorekodi Desemba. Hasa pale babu alipoinuka kusema.

Napakumbuka. Mzee alishika glasi ya juisi ya muwa, akapiga funda, akaipuliza chini mbele ya watu, akasema maneno kwa Kidawida, lugha yao ya Taita, akapiga funda tena, akapuliza, akasema. Kila akipumzika, watu wakaitikia. Mimi mtoto wa Voi, kwetu asili ni Mambrui, sikuelewa hata neno. Nikashikilia kamera tu nisitikisike, na viatu vyangu vikapata matone.

Leo Obadiah kanieleza. Kumbe ndiko kutasa. Mwenye hasira na mwenzake huitoa hivyo, kwa mdomo, mbele ya mashahidi, ikishatoka imetoka. Na mzee alikuwa na hasira kubwa na mwanawe wa kwanza, Ronald. Miaka mingi nyuma walibishana hadharani, Ronald akamsukuma baba yake, mzee akaanguka chini. Toka siku hiyo akasema huyu asije hata kunizika. Ronald akahamia Maungu, anaziba magurudumu ya malori, hakupanda tena Mwanda. Hata arusini hakuja.

"Siku ile baba alimtaja kwa jina," Obadiah akaniambia. "Aliitoa yote. Tulimwambia Ronald, akakataa. Anasema tunamdanganya ili aje, watu wasituseme. Sasa baba amekufa. Anasema asiposikia kwa masikio yake mwenyewe, hakanyagi. Anaogopa, dada Rayhana. Hasira ya mzazi aliyekufa nayo huwarudia watoto."

Nikamuuliza, zile video fupi nilizowatumia kwenye simu? Akasema humo mzee hayumo. Zile nilizikata mwenyewe: bibi arusi anaingia, keki, watu wanacheza. Mzee anayepuliza juisi nilimtoa. Niliona hapendezi. Na kadi ya kamera niliifuta wiki ileile, nilikuwa na kazi nyingine.

Kwa hiyo iko kwenye laptop tu. Nikamwambia aende salama, kesho ataipata. Nikaiwasha mbele yake nimtie moyo. Tik, tik, tik. Akaniuliza ni nini hiyo. Nikamwambia ni feni.

Jumatano, 7 Agosti

Haifunguki. Asubuhi ilijaribu, ikaandika kwa kizungu kwamba haioni disk yoyote. Nikaizima, nikaiwasha. Mara ngapi sijui.

Mutinda ana kibanda nyuma ya stendi, fundi wa simu na kompyuta, mtu wa maneno mengi. Aliweka sikio juu ya laptop kama daktari, akaitoa betri haraka.

"Umeiwasha mara ngapi tangu ianze hivi?"

Nikamwambia chache.

"Dada, wewe! Kile kichwa cha kusoma kimeanguka, kinaburuta juu ya disk. Kila ukiwasha unakwaruza. Usiguse tena. Kuna watu Nairobi wanafungua hizi, wana chumba hakina vumbi hata kidogo. Wiki mbili, tatu."

Mwenye duka la jirani akadakia ati tuitie kwenye friji, binamu yake alifanya akapona. Mutinda akamuuliza aliyepona ni binamu au disk. Sikucheka. Jumamosi haisubiri wiki mbili.

Nimerudi studio nikakaa tu. Halafu nikakumbuka — DVD! Bi Gertrude, mama yao Obadiah na Ronald, hana simu ya kioo, ana mashine ya DVD na televisheni ya zamani. Januari nilimchomea arusi nzima kwenye diski moja, bila kukata kitu, nikampa mkononi. Nikampigia Obadiah moyo ukinienda mbio. Diski ya mama bado iko?

Nikamsikia anauliza watu. Akarudi kwenye simu.

Diski ilikuwa tupu. Waliitia kwenye mashine, mashine ikasema hakuna diski. Wakaigeuza, wakaipangusa, vilevile. Obadiah alitaka kunipigia, mama yake akamkataza: msichana wa watu amejitahidi, msimwaibishe. Basi wakaitundika shambani, kwenye njegere, ifukuze ndege.

Haikuwa tupu. Mimi sikuifunga! Nilitaka kuiongezea picha za kanisani baadaye, nikaacha kubonyeza pale mwisho pa kufunga diski, halafu nikasahau. Diski isiyofungwa husomeka kwenye mashine iliyoichoma. Ukiitia kwenye nyingine inaonekana haina kitu. Na mashine iliyoichoma ni hii laptop yangu. Miezi saba ile arusi inaning'inia juani kwa sababu mimi nilisahau na wao walikuwa na adabu.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimepanda Mwanda. Baridi ya huko haina huruma, na mimi na baibui jepesi la Voi.

Msiba umejaa watu, masufuria, viti vya kukodi. Nikampa Bi Gertrude pole. Mdogo wa umbo, mkavu, mikono ya moto. Kanishika kidole kimoja tu na hakukiachia mpaka tukafika shambani, njia nzima ananitaka radhi. Ati walipaswa kuihifadhi. Yeye ananiomba radhi mimi! Nilitaka ardhi inimeze.

Diski ziko tano, zimefungwa kwa kamba za mkonge, zinazunguka kwa upepo. Nne ni za kwaya. Yangu ilikuwa ya mwisho karibu na mgomba. Mwandiko wangu umefutika wote, ila mgongo wake ni ule wa zambarau wa diski za kuchoma, umepauka upande mmoja. Mgomba umeukinga upande wa pili. Pale kwenye tundu la katikati kamba imekula, pana ufa. Mfupi kama ukucha. Nimeutazama sana.

Bi Gertrude akasema kitu, Obadiah akanifasiria: anauliza kama sauti ya mzee bado imo. Yeye mwenyewe hajaisikia tangu siku ile. Nikamwambia imo. Sikuwa na hakika, lakini mdomo ulishasema.

Obadiah ameongea na Ronald kwa simu mbele yangu. Nikaichukua ile simu nikamwambia bwana Ronald, mimi ndiye niliyerekodi, mimi si wa familia, njoo kesho Voi uone mwenyewe. Akauliza swali moja tu: unajua Kidawida? Nikamwambia sijui. Akasema atakuja.

Amenikubali kwa sababu sina uwezo wa kumdanganya. Nimerudi na diski kifuani, ndani ya kitambaa, na mkono juu yake njia nzima.

Ijumaa, 9 Agosti, mchana

Naandika huku Mutinda akifanya kazi hapa studio, nikikaa bure nitapiga kelele.

Ameitoa hard disk mbovu, ametia nyingine ya mtumba, laptop imewaka bila kulia. Kisomaji cha DVD ni kilekile, alhamdulillahi. Ila jicho lake lina vumbi la Voi la miaka. Amelipangusa kwa pamba na spiriti, anapumua kwa pua asije akalitemea mate.

Diski nimeiosha mimi. Maji vuguvugu, sabuni ya kipande, kitambaa laini, kutoka katikati kwenda nje. Nilitaka kusugua kwa kuzungusha kama sahani, Mutinda akanipiga mkono. Mkwaruzo wa kuzunguka ndio unaoua, anasema.

Kuhusu ufa hajafurahi. "Hii ikizungushwa kwa kasi inapasuka humo ndani vipande vipande. Nitaipunguza speed mpaka mwisho. Lakini sitakuahidi kitu."

Jaribio la kwanza: imetema. La pili: imetema. La tatu imezunguka, ikazunguka, ikanguruma — ikatema. Ronald amepiga simu, ameshuka stendi.

La nne imesoma! Jina la faili limetokea. Nimemkumbatia Mutinda, astaghfirullah.

Tumejaribu kunakili. Imekwenda kidogo, ikasimama, ikaleta kosa. Mara ya pili imesimama palepale. Mutinda anasema palepale ndipo jua lilipoipiga, na kila tukirudia jicho linachoka na ufa unatanuka. Kuna njia moja: kuruka pale pabovu na kucheza moja kwa moja sehemu ya mzee. Kucheza, si kunakili. Labda mara moja tu.

Nikasema nitarekodi skrini kwa simu yangu. Hilo ni wazo langu na nimejisifu moyoni.

Ronald huyu mlangoni.

Ijumaa, jioni

Naandika haraka, mwandiko huu sijui kama nitausoma.

Ronald ni mtu mkubwa, mikono myeusi ya mafuta ya magari ambayo hayatoki tena. Amevaa shati la kanisani. Akakaa kwenye kiti cha mteja, magoti juu, mbele ya laptop. Nikamwekea chupa ya maji kama ninavyomwekea kila mgeni. Nikasimama nyuma na simu yangu.

Akageuka. "Dada, weka hiyo chini."

Nikamweleza kwamba diski ni mbovu, pengine haitacheza tena.

"Nimesikia. Iweke chini. Kama baba amenilaani sitaki ibaki kwa simu ya mtu."

Nikaiweka. Ningefanyaje? Ni baba yake.

Mutinda akabonyeza. Diski ikaguna. Picha ikaja na vipande vya kijani, ikaganda, ikatembea, na huyo hapo Mzee Mwakio na glasi yake. Akapiga funda. Akapuliza. Akasema. Mimi namtazama Ronald tu, sina kingine cha kusoma. Uso haukuonyesha kitu. Mzee akapuliza tena. Picha ikasimama, sauti ikaendelea peke yake. Nikalisikia jina, Ronald, wazi kabisa, halafu maneno mengi, halafu jina tena. Na watu wakaitikia.

Sijui alisema nini. Mpaka sasa sijui. Najua tu kwamba Ronald aliinama mpaka paji la uso likakaribia kioo, akaitikia pamoja na wale watu wa Desemba, kwa sauti ndogo, kama mtoto aliyechelewa darasani.

Halafu akachukua ile chupa ya maji.

Nilielewa kabla Mutinda hajaelewa. Mashavu yake yakajaa. Ningeweza kuivuta laptop. Mkono wangu ulikuwa pale pale juu ya meza, ni kuivuta tu. Sikuivuta.

Akapuliza. Maji yakampata baba yake usoni, yakamwagika kwenye vitufe. Akasema maneno, akapiga funda tena, akapuliza tena. Skrini ikazimika. Mle ndani kikalia kitu, paa, mara moja, na mngurumo ukakoma. Mutinda akaruka kuchomoa waya. Ronald hakuona lolote. Aliendelea kuongea na kioo cheusi, machozi yanamtiririka, anaongea pole pole, kama mtu anayesimulia habari za nyumbani. Hakuna aliyethubutu kumkatiza.

Alipomaliza akajipangusa, akaiona laptop inavyotiririka. Akashtuka, akasema atalipa. Nikamwambia nenda, magari ya Mwanda yatakwisha. Akaondoka mbio, mtu mzima yule.

Sasa laptop imelala kifudifudi juu ya kanga yangu, inachuruzika. Diski bado imo. Trei haitoki. Nimeitingisha kidogo, Mutinda kanifokea. Hatujui kile kilicholia ni laptop au ni ufa.

Bi Gertrude amepiga simu kwa simu ya Obadiah. Kiswahili chake ni kichache, kachagua maneno. Ameuliza Ronald amesikia? Nimemwambia amesikia, yuko njiani, anakuja kumzika baba yake. Akalia. Akashukuru Mungu. Halafu akauliza, na mimi? Utaniletea lini nimsikie mzee?

Nimemwambia subiri kidogo, bibi. Simu bado iko wazi, iko mezani, nasikia watu wa msiba wakiimba huko kwake na yeye anapumua, anangoja.

Pembeni ya trei kuna kitundu cha kuifungua kwa mkono. Mutinda ametafuta kitu chembamba studio nzima, hakuna. Nimechomoa pini ya mtandio nimempa. Ameiingiza. Anasema ameligusa komeo, limelegea, lakini kama diski imepasuka itamwagika vipande, nikae tayari na kanga. Ananitazama, anataka niseme ndiyo aivute.