Siku Tulipojibu Sote "Bunia"

Mpendwa Madamu,

Tangu risasi ziliporudi hapa mjini Bunia na wewe ukaondoka na watoto wako, hatujui uko wapi. Naandika hata hivyo. Ulitufundisha kwamba barua ianze na habari njema, basi hii ndiyo yangu: shule imefunguliwa tena, na niko darasa la sita.

Unakumbuka siku ya kwanza ulipotupokea? Ulitaka tuzoeane, ukasema kila mmoja asimame, ataje jina na kijiji chake. Tukatazamana. Mwishowe Baraka akasema, "Bunia." Aliyemfuata, "Bunia." Hata mimi, niliyefika kutoka Fataki majuma mawili tu kabla ya hapo, nikajibu, "Mtaa wa Lumumba, hapa hapa Bunia."

"Wote Bunia?" Ulicheka, kisha ukaacha kucheka. Ulielewa kwamba kutaja kijiji kulikuwa kutaja kabila, na kabila liliweza kumfanya mtoto kuwa adui wa jirani yake. Ukatuomba msamaha, Madamu. Sikuwa nimewahi kumwona mwalimu akiwaomba watoto msamaha.

Kesho yake ulikuja na mpira wa majani ya migomba. Anayeudaka aseme jambo linalomshinda. Ulianza mwenyewe: "Mimi naunguzaka sombe, majani yote ya muhogo inakuwaka makaa."

Baraka akadaka. "Mimi naogopaka jogoo yetu."

"Mwanaume muzima!" Neema akamcheka.

"Weye hauyamuona ile jogoo!"

Tulipiga kelele mpaka mkuu wa shule akaja mlangoni. Ukamrushia mpira, naye akakiri kwamba hajui kupanda baiskeli.

Jumatatu tulipata mwalimu mpya, mtu mwema. Naye akaanza vilevile: jina, kijiji. Msichana mgeni kando yangu akaanza kukusanya daftari zake aondoke. Niliinua mkono, Madamu. "Mwalimu, naomba tucheze kwanza." Nikaeleza mchezo wako, tukakunja makaratasi yakawa mpira. Mpira ulipomfikia yule msichana, ulimponyoka mara mbili. Mara ya tatu akasema kwa sauti ndogo, "Mimi sijuaki kusuka nywele."

"Kuja, nitakusuka," nikasema.

Saa ya mapumziko aliketi mbele ya magoti yangu. Nilikuwa nimefika katikati ya kichwa aliponiambia, bila kuulizwa, kwamba yeye na jamaa zake wametoka upande wa Gety. Vidole vyangu vikasimama. Nyumbani kwetu, upande ule, wa kabila lingine, hutajwa kwa hasira tu, tangu tulipokimbia.

"Unaacha?" akauliza, bila kugeuka.

"Hapana. Siye tulitoka Fataki."

Niliona mabega yake yamekaza. Kisha akainamisha kichwa, nikaendelea na upande wa pili.

Sijui kama tutakuwa marafiki, na nyumbani bado sijasema kitu. Lakini leo nilichelewa kwa sababu ya mvua, na nilipoingia nilimkuta ameweka daftari lake kwenye benchi, akinishikia nafasi.

Popote mnapolala leo, wewe na watoto, pawe na amani.

Mwanafunzi wako