Nyasi Zilizozunguka Bango la Mchungaji

Harlan Fork, Ohio
Alhamisi, 8 Mei

Binamu yangu mpendwa Roberta,

Hujambo huko Arizona? Na goti je, limekuachia ulale? Sisi tu wazima. Kaka yangu Merle bado anakataa kupimwa macho, na mvua imetuchelewesha kupanda mahindi, ila tunamshukuru Mungu.

Uliniuliza kama ni kweli mchungaji wetu mpya ameingia siasa. Ni kweli. Jumanne tulipigia kura nyongeza ya kodi ya ardhi ili shule ya hapa isifungwe. Mchungaji Kehr hakutosheka kuisemea mimbarani; mwezi wa nne alichomeka bango mbele ya kanisa: "Piga Ndiyo, Shule Ibaki."

Unamjua Merle, ana ekari nyingi na hana mtoto. Alitoka ibadani amenuna, tukiwa garini akaniambia, "Anakaa bure nyumba ya kanisa, kodi ya ardhi haijui, halafu anatoa sadaka kutoka mfukoni mwangu. Bango likibaki, mimi simo." Moyo ulinipasuka. Tangu wazazi watutoke, tumebaki sisi wawili tu kwenye benchi letu.

Jumapili iliyofuata hakuja kweli. Kilichonishangaza ni kwamba Jumamosi iliyotangulia alikuwa amekwenda kukata nyasi za kanisa kama kawaida, kazi aliyorithi kwa baba. Alikata kote, akalizunguka bango. "Bango lake, nyasi zake," alisema. Kila wiki akafanya vivyo hivyo, nyasi zikapanda hadi zikafunika maandishi. Watu walikuwa wakipunguza mwendo wa gari ili wachungulie na kucheka.

Udadisi ulinishinda. Nikampelekea mchungaji keki, nikamwuliza mbona hazikati mwenyewe. Akacheka. "Dada Velda, nikizikata, Merle atajua nimempokonya kazi. Bango naweza kulikosa. Yeye nitamkosaje?"

Nilimfikishia Merle maneno hayo tukila. Akaendelea kutafuna viazi vyake. Jumatatu, siku moja kabla ya kura, nilipita kanisani nikakuta nyasi zimekatwa kwa mkasi hadi kwenye mguu wa bango, na maandishi yanasomeka toka barabarani. Nikajua kaka yangu amegeuka.

Hakugeuka. Tumeshindwa, Roberta, kwa kura chache sana. Muhula ujao watoto watapelekwa kwa basi mji wa jirani, nami nimelia jikoni kama mtoto. Nilimwuliza Merle alipigaje. "Hapana," akasema bila kuficha. "Na nyasi ni kazi yangu, dada." Nimemkasirikia mpaka sasa, ingawa chakula nampikia.

Jana jioni nilimkuta kanisani amepiga magoti, anapanda mbegu za nyasi pale bango lilipong'olewa. Mchungaji alikuwa ameshika mpira wa maji, anamwagilia nyuma yake. Walikuwa wanabishana kuhusu kodi, na hakuna aliyekuwa tayari kushindwa.

Msalimie sana shemeji Gilford, na mwanao Petra umwambie namwombea mitihani yake. Mungu awalinde na jua la huko, awape usingizi mwema.

Jumapili Merle atarudi kwenye benchi letu. Bado sijaamua nikae karibu naye au niache nafasi katikati, lakini nitakuwepo mapema.

Akupendaye daima,
Velda