Bibi Sekela Aliomba Maji

Mbugani, Kyela

Mama yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo, Mama? Miguu imepungua kuvimba? Na Baba, bado anashinda kwenye mibuni hata mvua ikinyesha? Mimi ni mzima sasa. Hilo neno "sasa" nimeliandika makusudi, kwa sababu nilikuficha. Nililazwa hospitali huku miezi miwili, kifua kikuu. Usilie, dawa zimenikubali. Sikutaka upande mabasi kutoka Mbinga na miguu ile.

Walimu wenzangu wa Ngonga walikuja mara moja, wakasimama mlangoni na leso puani. Siwalaumu. Saa ya kutazama wagonjwa wodi ilijaa wali na ndizi za watu, Kinyakyusa kila kitanda, nami najifanya nimesinzia ili isionekane kwamba sina mtu.

Kitanda cha jirani alilala Bibi Sekela, mfinyanzi wa vyungu kutoka Ikombe. Kwao hufikiwa kwa mtumbwi, na ziwa lilikuwa limechafuka, kwa hiyo naye hakuwa na mgeni. Siku ya nne akaniuliza, "Mwalimu, wewe ni Mkatoliki?"

"Nilikuwa."

"Kumbe mtu huacha?"

Nikamwambia kwamba tangu tumzike mwanangu Upendo sijafungua mdomo kusali. Hakuniharakishia pole. Alisema, "Basi nifundishe mimi. Wewe si lazima uzitake hizo sala. Mimi ndiye ninayezitaka." Alikuwa ameanza mafundisho ya ubatizo, katekista akashindwa kufika kwao tena.

Nilimfundisha kama ninavyofundisha darasa la kwanza. Baba Yetu ilimchukua siku tatu. Akikwama, anacheka mpaka anakohoa, halafu ananiambia "Ndaga, mwalimu," asante yao ya huku, kana kwamba nimemtilia kitu mkononi. Nikajikuta naingoja asubuhi.

Asubuhi moja akatapika damu nyingi. Muuguzi alikimbia kumwita daktari. Padre alikuwa vigango vya mbali. Bibi akanishika mkono. "Mwalimu, maji."

Nikampa kikombe. Akatikisa kichwa. "Si ya kunywa."

Mama, niliogopa. Nilijua kwamba penye hatari ya kufa yeyote aweza kubatiza. Lakini mimi, niliyegombana na Mungu miaka miwili? Macho yake hayakunipa nafasi ya kufikiri. Nikammiminia maji kichwani, nikasema maneno yote. Alifumba macho, maji yanamchuruzika masikioni, akasema taratibu, "Ya baridi." Hakusema tena.

Padre aliporudi nilimwendea kama mwizi. "Padre, nimembatiza mtu, na mimi mwenyewe sisali."

"Ulimimina maji? Ulisema kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu? Ulikusudia kumpa alichoomba?"

"Ndiyo."

"Basi amebatizwa. Sasa keti, tuzungumze habari zako."

Niliketi, Mama, nikamlilia Upendo kilio ambacho sikukitoa makaburini.

Upweke haujaniacha, nisikudanganye. Jumapili naenda misa peke yangu, narudi peke yangu, napika wali wa mtu mmoja, sufuria inabaki na ukoko tu. Lakini nasali. Siku nyingine ni Baba Yetu moja, tena naiachia njiani.

Nisalimie Baba sana, na dada Agnela na wanawe, na shangazi anayekuchotea maji. Yule katekista mzee aliyetufundisha mwambie namshukuru.

Karibu nisahau kukuambia. Ziwa lilipotulia, binti wa Bibi alikuja na mtumbwi kuuchukua mwili wa mama yake, akaniuliza amebatizwa kwa jina gani. Katika haraka ile jina moja tu lilinijia mdomoni, nalo lilikuwa lako. Kwa hiyo una somo yako huku, Mama. Amezikwa Ikombe, na kwenye msalaba wameandika Anna Sekela.

Mwanao akupendaye,
Skola